Wakili Aliyevunwa Pamoja na Viazi

Jumanne moja ya mwisho wa Septemba, saa tatu na robo asubuhi, wanawake wanne walikuwa wamesimama kwenye mkanda wa kuchambulia viazi katika ghala la Bwana Kerber, kila mmoja na glavu zake za mpira na kitambaa kichwani. Kazi yao ilikuwa kuondoa chochote ambacho si kiazi: mawe, mabonge ya udongo, mizizi, na mara mojamoja panya. Lori la kumi na mbili kutoka Shamba la Saba lilikuwa likimwaga mzigo. Viazi vilipita, mawe yakatolewa, viazi vikapita tena, halafu akapita wakili.

Alikuja chali, miguu mbele, suti yake ya kijivu imejaa udongo na mkoba ameukumbatia kifuani. Malin Pascual, aliyesimama wa kwanza, alidhani ni bonge, akamsukuma kwa kiwiko kuelekea shimo la taka. Katal Antonio, aliyesimama wa pili, aliona viatu, akabonyeza kitufe chekundu. Mkanda ukasimama.

"Huyu si kiazi," Katal alisema.

"Wala si jiwe," Malin akajibu. "Haya mtoe, shoga, lori jingine hilo linakuja."

Yule mtu aliketi, akatema udongo pembeni kwa adabu, akatoa kadi mfukoni. Ilikuwa imeandikwa: Lyle Truax, Wakili, Mambo ya Wahamiaji. Namba ya uwakili ilikuwepo, ya simu haikuwepo. Anwani ilikuwa Shamba la Saba, mstari wa thelathini na mbili.

Katal aliisoma taratibu mpaka mwisho, akavua glavu.

"Umechelewa," alimwambia. "Nilikuwa nakutarajia Agosti."

"Samahani, shoga," wakili alisema kwa Kiq'anjob'al safi, lugha ya kwao Katal. "Mwaka huu baridi ilichelewa kutoka ardhini."

Ieleweke kwamba hakuletwa na bahati. Aliombwa.

Katal alitoka milima ya Guatemala, kama walivyotoka karibu wote wanaochambua viazi katika sehemu hii ya Bonde la San Luis, huku Colorado. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Kwao, wanaume watatu walimuua kaka yake kwa sababu ya kipande cha shamba, mchana kweupe, mbele ya kinu cha kusagia mahindi, na Katal aliziona nyuso zao. Mmoja wao sasa ni meya. Katal aliondoka wiki ileile, binti yake Ewul akiwa mgongoni. Ewul sasa ana miaka kumi na miwili na hupiga tarumbeta shuleni, vibaya, lakini kwa bidii.

Mwezi wa Machi, jaji wa mahakama ya wahamiaji, jijini, ng'ambo ya mlima, mwendo wa saa nne na nusu kwa gari, alimweleza Katal kwa upole kabisa kwamba ana haki ya kuwa na wakili, mradi amtafute mwenyewe. Kesi ingesikilizwa tarehe ishirini na nane Oktoba. Asipompata angejitetea peke yake. Katal aliwajua kwa majina waliojitetea peke yao. Mmoja alirudishwa Jumatatu, na Ijumaa wakasikia amezikwa.

Basi akatafuta. Bondeni humu mna mawakili kumi na mmoja na wote ni wa maji. Ukigombana na jirani juu ya mfereji, utapata wa kukutetea kabla chai haijapoa. Ukigombana na serikali juu ya mwili wako mwenyewe, watakupa peremende na kukuonyesha mlango. Jijini simu zilipokelewa na mashine. Ofisi moja ilichukua jina lake ikamwambia apige tena baada ya miaka miwili. Palikuwa na mama mmoja wakili aliyekuwa akija maktaba ya mjini kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, lakini magoti yalimshinda, akastaafu, na ile meza yake sasa ina vitabu vya mapishi.

"Maji yana mawakili kumi na mmoja," Malin alikuwa akisema, "sisi tuna mtakatifu mmoja tu, naye ana foleni."

Siku ya kupanda ilifika mwezi wa Mei. Kwetu ardhi haifunguliwi bila kuombwa ruhusa, na anayejua maneno ya kuiomba ni Tumaxh Mekel, dereva wa foklifti, mtu wa mzaha mwingi aliyerithi sala kwa baba yake pamoja na masikio makubwa. Tumaxh alichoma ubani ndani ya kopo la nyanya. Akamimina pombe kali kidogo kwenye kona ya shamba. Akataja milima ya kwetu mmoja mmoja, kisha milima ya huku, ambayo alijifunza kutoka kwenye kalenda ya duka la matairi. Bwana Kerber alingoja ndani ya gari lake, injini imezimwa. Hii sala huihesabu pamoja na mbolea.

Halafu kila mtu akasema haja yake. Mmoja aliomba magoti yapone, mwingine aliomba mwanawe aache pombe. Katal aliomba wakili wa wahamiaji, mkweli, anayejua kusikiliza.

"Mwanamume au mwanamke?" Tumaxh aliuliza.

"Yeyote."

"Ardhi haielewi mambo ya yeyote, dada. Sema kitu kimoja."

Katal akafikiri. "Basi mwanamume. Mwanamke watamkatiza maneno."

Tumaxh akayapeleka maombi hayo chini kama yalivyo, na trekta likaanza kazi.

Kiangazi chote Katal na Malin walipalilia Shamba la Saba, na walipokuwa wakipalilia walizungumza. Katal alisimulia habari ya kaka yake mara nyingi kuliko alivyodhani. Chini yao wakili alikuwa akinenepa na kusikiliza. Ndiyo maana alijua Kiq'anjob'al, tena cha kike, na aliita kila mtu shoga, hata Bwana Kerber. Sheria hakuisomea. Aliijua tu, kama kiazi kinavyojua kujaza wanga.

Siku ile ya kwanza furaha ilituponza. Kwetu mgeni wa heshima hukalishwa karibu na moto, na huyu hakuwa mgeni wa kawaida. Katal alimpeleka kwenye nyumba yake ya bati yenye magurudumu, akamweka kwenye kiti kilichogusa jiko kabisa, akamfunika blanketi la sufu, akampa uji wa mahindi wa moto. Jioni Tumaxh alikoka moto kwenye kibanda cha mvuke alichojenga nyuma ya kwake, maana mtu aliyelala udongoni miezi minne lazima mifupa inamuuma. Wakili hakukataa hata kimoja. Alikuwa na adabu sana, jambo ambalo kwa mgeni wa namna ile ni hatari.

Asubuhi alikuwa amechipua. Vichipukizi vyeupe, virefu kama vidole, vilimtoka kwenye viwiko na nyuma ya masikio, na mashavu yalikuwa yamenywea.

"Hongereni," Malin alisema alipomwona. "Mmempika wakili."

Bwana Kerber aliitwa. Alimminya wakili mkono, akanusa kidole chake, akatikisa kichwa.

"Mmemweka kwenye joto. Nyuzi nne, giza, unyevu. Ndivyo anavyokaa. Baba yangu alivuna daktari wa meno mwaka wa sitini na moja, akamweka sebuleni awaonyeshe wageni. Hakumaliza wiki."

"Huyu ataishi mpaka lini?" Katal aliuliza.

"Asingepata joto, angefika Aprili. Hivi alivyo, katikati ya Oktoba. Labda na siku chache."

Kisha Bwana Kerber akasema kwamba kwa kuwa wakili hana umbo la kuuzika, anaingia katika viazi vya kasoro, na viazi vya kasoro shambani kwake hupewa wafanyakazi. Katal alimshukuru. Alimshukuru pia Tumaxh, aliyekuwa amekaa ngazini ameshika kichwa, kwa sababu kosa lilikuwa la wema, na kosa la wema nalo lina haki yake ya shukrani. Wakavisugua vichipukizi vyote kwa kitambaa, wakamrudisha wakili ghalani, wakamlaza kati ya viazi vya kuoka na viazi vya chipsi.

Habari zilienea bonde zima. Watu waliotoka kazini walikuja moja kwa moja na mabuti yao, wakaketi gizani juu ya magunia, wakasema majina yao. Walileta mikate, tamale za unga wa mahindi zilizofungwa kwa maganda yake, blauzi ya kufumwa, na kuku hai. Wakili hakuweza kula, kwa hiyo walikula mbele yake wakamweleza ladha. Aliandika kila aliloambiwa, gizani, mistari imenyooka. Waliohesabiwa walikuwa sitini na wanne, kila mmoja na tarehe yake ya mahakama, na hakuna aliyekuwa na mtetezi.

Usiku wa tatu wa mambo haya sauti ya wakili ilianza kukauka. Tumaxh alisimama juu ya foklifti yake.

"Jamani, mnamuona. Kila swali linamnyonya. Katal ndiye aliyemuomba na tarehe yake ndiyo ya karibu. Mimi yangu ni Novemba ya mwaka kesho, naweza kungoja. Nani mwingine anaweza kungoja?"

Watu waliangalia mabuti yao. Kisha mzee mmoja aliyekuwa na barua mkononi aliikunja akairudisha mfukoni, akatoka. Akafuata mwingine. Mwisho ghala lilibaki na Katal na wakili. Sitini na watatu walikuwa wamempa zamu zao, na hakuna aliyedai asante. Katal alizisambaza hata hivyo, nyumba kwa nyumba, wiki nzima, mpaka ikawa kero. Malin alimfungia mlango.

"Asante ya pili nimeipokea, ya tatu niandikie barua!" alipiga kelele kutoka ndani.

Oktoba ikapita katikati. Wakili akawa laini begani, lakini hakuoza. Kila jioni Katal aliketi naye nusu saa bila kusema neno, ili asimchoshe. Aliporudi nyumbani alilala mpaka alfajiri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ya kinu.

Tarehe ishirini na nane waliondoka kungali na giza la alfajiri. Tumaxh aliendesha. Wakili alilazwa kiti cha nyuma, amefunikwa magunia mabichi, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Ewul. Mlimani palikuwa na theluji na madirisha yote manne yalikuwa wazi, na hivyo ndivyo walivyosafiri kwa saa nne na nusu. Kila mtu alitetemeka meno isipokuwa yeye. Ewul alimuuliza kama anaogopa.

"Taa, shoga," wakili alisema. "Taa tu."

Mlangoni mwa mahakama mashine ya ukaguzi ilionyesha wanga mtupu kuanzia utosini hadi kisiginoni. Askari alitazama orodha ya vitu vilivyokatazwa, wanga haumo, akampitisha. Chumba cha kesi kilikuwa na taa ndefu kumi na mbili na joto zuri la kufanya watu wasinzie. Jaji alitafuta jina la Lyle Truax katika daftari la mawakili, akalipata, namba yake ya uwakili hai, ada yake imelipwa, anwani Shamba la Saba.

"Una udongo kwenye kola, wakili," jaji alisema.

"Nimetoka bondeni, mheshimiwa."

Wakili wa serikali aliomba kesi isogezwe mpaka Juni kwa kuwa jalada lake lilikuwa halijakamilika. Alisema hivyo bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba chumvi mezani. Jaji akachukua kalamu. Katal hakuelewa maneno, lakini aliielewa kalamu.

Wakili alisimama. Masikio yake yalikwisha kuanza kuwa kijani, kama kiazi kilichoachwa kwenye mwanga.

"Mheshimiwa, mteja wangu yuko tayari leo. Juni mimi sitakuwepo. Naomba tusikilizwe, na naomba mkalimani wa lugha yake, si wa Kihispania."

Jaji alimtazama masikio. Alikuwa mtu wa mashambani kwa asili na aliijua ile rangi. Akaweka kalamu chini. Mkalimani alipatikana kwa simu, mwanamke fulani aliyekuwa akipika mahali fulani, maana sufuria ilisikika, na kesi ikaanza.

Wakili alisema kwa saa moja na dakika arobaini. Alitaja siku, saa, jina la mwenye kinu. Alitaja kwamba injini ya kinu haikuzimwa, iliendelea kusaga, na kwamba unga ulimwangukia kaka mtu mpaka akawa mweupe. Katal hakukumbuka kuwa aliwahi kumwambia mtu habari ya unga. Alikuwa amemwambia Malin, mwezi wa Julai, ameinama na jembe mkononi. Alilia hapohapo mbele ya jaji, akajibu kila swali huku akilia, na mkalimani wa upande wa pili wa simu akazima jiko ili asikie vizuri.

Saa tisa alasiri jaji alisema Katal Antonio na binti yake wanabaki. Wakili alikuwa kijani mpaka shingoni. Katal alimshika mkono akaubusu, na mkono ulikuwa na ladha ya kiazi kibichi.

"Mungu akulipe," alimwambia. "Ardhi ikulipe. Mimi sina cha kukulipa, nitakukumbuka kila nikila."

"Usinikumbuke ukila, shoga," wakili alisema, na ndiyo mara pekee walipomwona akicheka.

Kutoka pale mpaka kwenye lifti palikuwa na benchi refu, na juu ya benchi watu wengi na makaratasi yao, kila mmoja peke yake. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alimuuliza kwa Kihispania kama yeye ni wakili. Akampa kadi. Mwingine akanyoosha mkono, na mwingine. Kadi ziliisha kabla hawajafika kwenye lifti, na Tumaxh ikabidi amtoe pale amemkumbatia kiunoni, maana magoti yake yalikuwa yameanza kubonyea.

Njiani kurudi aliuliza waliobaki ni wangapi. Wakamwambia sitini na watatu. Akamwomba Tumaxh asimamishe gari ahesabu sehemu zake zinazoweza kuchipua. Tumaxh alihesabu kando ya barabara, kwenye theluji, kwa makini. Zilikuwa kumi na saba.

"Zinatosha kuanzia," wakili alisema. "Ikifika Mei nikateni kama mnavyokata mbegu nyingine."

Wakili aliyehesabiwa kufika Oktoba tu alivuka baridi yote. Bwana Kerber alisema hajapata kuona, labda ni kwa sababu hakuna aliyemuuliza kitu. Aprili aliacha kusema. Mei alikatwa na Malin, ambaye ndiye mwenye mkono mzuri wa mbegu bonde zima, na siku hiyo Malin hakutania hata neno moja. Vipande kumi na saba vilipandwa mstari wa thelathini na mbili. Tumaxh alichoma ubani, akataja milima ya pande zote mbili, na safari hii hakuomba. Alishukuru tu, kwa muda mrefu hivi kwamba Bwana Kerber alishuka garini akavua kofia.

Juni ikaja barua. Kesi ya Tumaxh Mekel, iliyokuwa Novemba, imeletwa karibu. Sasa ni tarehe tisa Julai. Tumaxh alipiga simu kuomba tarehe ya zamani. Ikapokelewa na mashine.

Tarehe nane Julai, baada ya kazi, alikwenda Shamba la Saba pamoja na Katal. Viazi vilikuwa vimetoa maua. Tumaxh alipiga magoti kwenye mstari, akapenyeza vidole viwili udongoni pembeni mwa shina, kama afanyavyo mtu anayetaka kujua kama vimekomaa bila kuving'oa, akafukua kidogo. Alikuwepo. Alikuwa mkubwa kama kidole gumba, macho yamefumba, suti yake bado laini kama ngozi ya kiazi kichanga. Kadi yake ilikuwa na jina. Namba ya uwakili ilikuwa haijaota.

"Wamekuja vizuri," Katal alisema.

"Vizuri sana. Septemba watu wataona raha."

"Na wewe, kaka?"

"Mimi nimemwona. Wangapi wamewahi kumwona wakili wao?" Tumaxh alimfunika udongo kwa kiganja, akaushindilia taratibu, akautaja mlima wa kwao, akashukuru. Kisha akajipangusa magoti, akaenda kwake kupiga pasi shati.

Kesho yake, saa nne asubuhi, jaji alimuuliza Tumaxh kama ana wakili. Tumaxh alijibu kwamba anaye, ila hajakomaa. Karani akaandika: hana.